Tonge la Asiyekuwepo

Mwezi uliopita nilitua Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kichwa kikiniuma, kwa sababu mtoto wa jirani yangu wa kiti alilia tangu Kinshasa hadi magurudumu yalipogusa lami. Tulikuwa tunangoja mizigo wakati askari mmoja alipopita na mbwa mkubwa wa rangi ya mchanga, kichwa kama sufuria, anatembea bila haraka kati ya masanduku. Watu walirudi nyuma, mama mmoja akapandisha mtoto wake mgongoni. Mimi nilisimama wima, mikono chini, viganja wazi, macho pembeni, na sikujua kwamba nimefanya hivyo mpaka mbwa alipokuwa ameshapita. Mwili una kumbukumbu zake, rafiki yangu, wala hauombi ruhusa. Huo ndio msimamo tuliofundishwa utotoni, kila asubuhi kabla ya shule, na tulifundishwa kwa ajili ya mbwa wa aina ile ile. Basi acha nikusimulie wewe, maana watoto wangu wakisikia habari hii wanacheka, na mume wangu anasema niachane na mambo ya kishenzi.

Tulikaa Kamalondo, mtaa mkongwe kuliko yote ya watu weusi pale Lubumbashi. Kama hujapita huko, fikiria barabara za vumbi jekundu, nyumba zimebanana kama watu kwenye benchi la kanisa, cherehani za mafundi zinanguruma barazani, na kuanzia mchana muziki wa baa mbili zinazoshindana. Asubuhi kulinuka mkate, adhuhuri kulinuka samaki, jioni kulinuka makala, makaa ya kupikia. Lupango letu, yaani ua na nyumba iliyomo, lilikuwa dogo: nyumba ya vyumba vitatu, kamba ya nguo, bomba la maji lililokuwa likikohoa tu, na kule nyuma chumba kimoja cha peke yake kilichoezekwa bati. Hicho kilikuwa chumba cha kaka yangu mkubwa, na kilikuwa kimefungwa.

Kaka aliondoka mimi nikiwa mdogo wa kubebwa. Alikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaanza, akasema anakwenda Kilwa, kwenye ziwa Mweru, kununua samaki wakavu na kuja kuwauza mjini. Mara moja alituma mzigo wa samaki kwa lori, umefungwa kwa kamba ya majani, na salamu kwa mama. Kisha kimya. Baadaye wasafiri wakaleta habari ya mtumbwi uliozama na vijana wa kutoka mjini waliokuwa ndani, lakini hakuna aliyejua majina. Barabara ya huko ni mbovu, mvua ikinyesha hata habari hazipiti. Baba alikwenda kumtafuta, akarudi na homa na bila jibu. Tangu hapo mama aliishi na swali moja tu: mwanangu yuko hai au amekufa? Alipika nalo, alifua nalo, alilala nalo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wa mama haukuwa na mahali pa kuuweka, kwa kuwa hakuna kaburi wala barua.

Sasa mbwa. Baba alikuwa fundi wa malori, na dereva mmoja ambaye yeye alimsaidia njiani, gari likiwa limekufa karibu na mpaka wa Kasumbalesa, alimletea shukrani ndani ya katoni. Alikuwa mtoto wa mbwa kutoka Afrika Kusini, jamii ya wale walinzi wa mashamba makubwa ya wazungu huko. Miguu yake ilikuwa minene kuliko mikono yangu. Mtaa mzima ulicheka. Jirani yetu, mama muuza mkate, mtu wa jimbo la Kasai mwenye ulimi wa wembe, alisimama mlangoni na kapu lake kichwani.

"Aaa, papa, ile mbwa itakula nini? Itatukula shiye!"

"Tutaona," baba akajibu.

Na jina likawa hilo. Mbwa aliitwa Tutaona mpaka mwisho wake.

Alikua upesi mno. Kufikia msimu wa baridi alikuwa akisimama, kichwa chake kinafika kifuani mwangu, na akijinyoosha mbele ya jiko la makala hakuna mwingine aliyepata joto. Kila mtu alikuwa na shauri lake. Mmoja alisema tumpe pilipili awe mkali. Mwingine alisema tumfungie gizani, asione jua, awe na hasira na watu. Baba alimleta mzee mmoja wa barabara ya pili, mwanajeshi wa zamani aliyewahi kuongoza mbwa kambini. Tulimwita mwalimu, na kwa kweli alikuwa na sauti ya mwalimu. Alisikiliza habari za pilipili akatema mate pembeni.

"Mbwa ya kuogopa bantu bote, ile haiko mulinzi, ile ni wazimu," akamwambia baba. "Mulinzi anajua nani wa nyumba na nani hapana. Basi. Ile tu njo kazi."

Akatufundisha sisi kwanza, halafu mbwa. Tusimkimbie, tusimpigie kelele, tusimtazame machoni anapokula. Amri zote zilikuwa za Kifaransa, kwa hiyo sisi watoto tuliamini kwamba mbwa wote duniani wanasema Kifaransa wakiwa peke yao, na Kiswahili ni cha kuwabembelezea tu. "Asi!" anakaa. "Kushe!" analala. "Lese!" anaacha alichonacho hata kama ni mfupa. Lakini amri niliyoipenda ilikuwa "opye". Ukisema hivyo, mbwa anakuja upande wako wa kushoto, bega lake sawa na goti lako, anatembea kwa mwendo wako, kichwa amekiinua kidogo akikutazama usoni. Ukisimama, anakaa. Ukianza, anaanza. Tutaona alilijua somo hilo kuliko mimi nilivyojua hesabu, na nilipompeleka hivyo mpaka kwa mama wa mkate na kurudi, nilijiona mke wa rais.

Yale ya mwalimu yalikuwa ya mwalimu. Nkambo, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, alikuwa na yake. Alisema mbwa hawezi kumjua mtu kwa macho, wala kwa sauti, anamjua kwa jasho. Basi jioni moja alisonga bukari, ule ugali wetu mgumu, akatupanga uani kama tunaokwenda kupokea ekaristi. Kila mmoja alipewa tonge, akaliweka kwapani, akalibana mpaka lipoe, kisha akampa mbwa kwa mkono wake mwenyewe. Baba aliona aibu lakini alifanya. Mama alifanya. Mimi lilinitekenya nikacheka mpaka nikapigwa kofi. Ukishampa mbwa tonge lako, hawezi kukuuma hata ukirudi baada ya miaka, hata ukirudi mzee. Familia nyingi za kwetu zinajua jambo hili, hata zile ambazo leo zinakana.

Tulipomaliza, nkambo hakuondoka. Alisema bado mmoja. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini nkambo hakuwa wa methali hiyo; kwake asiyekuwepo ndiye wa kutengewa kwanza. Aliingia ndani kwenye sanduku lake la chuma, akakaa huko kitambo, akatoka na shati la buluu lenye kola iliyochakaa. Alisema ni la kaka, halikufuliwa tangu alipoondoka. Akalifunga tonge la mwisho ndani ya kwapa la shati lile, akaliminya kwa viganja viwili, huku midomo yake ikicheza bila sauti. Mama alisimama na mkono mdomoni. Mbwa alipopewa, hakulimeza kama mengine. Alilinusa sana, akalichukua polepole, akaenda kulila mbele ya mlango wa kile chumba kilichofungwa.

"Akirudia, isimuume," nkambo akasema, akakunja shati, na mambo yakaishia hapo. Ndivyo tulivyodhani.

Sijui ilianza siku gani hasa. Najua tu kwamba jacaranda zilikuwa zimechanua na barabara imejaa maua ya zambarau yaliyokanyagwa. Ilikuwa ile saa ya kuwasha mbabula, lile jiko la makala, moshi unafuka, mama anapepea kwa kifuniko, jua limeshuka nyuma ya bomba kubwa la moshi la kiwanda lakini bado unaona nyuso za watu. Tutaona alikuwa amelala karibu na bomba la maji. Akainua kichwa. Hakubweka. Akaenda mpaka kwenye geti, mkia unapiga polepole, akageuka, na akaanza kurudi akitembea opye.

Nilimwambia mama, "Angalia mbwa," nikidhani anacheza. Hakuwa anacheza. Alitembea bega sawasawa, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, kichwa kimeinuliwa, macho yanatazama juu kulia kwake, pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa. Penye kamba ya nguo alisimama, akakaa, kama vile mwenzake ameinama kupita chini yake. Kisha akaendelea. Alifika kwenye kile chumba cha nyuma, akakaa tena, akalala mbele ya mlango, akashusha pumzi. Mama aliacha kupepea. Moto ulizimika siku hiyo, tukala tumechelewa.

Kesho yake vilevile. Na kesho kutwa. Ukawa ni utaratibu wa nyumba, kama kengele ya kanisa. Baba alisema ni mazoea ya mafunzo tu, mbwa mwenye akili hulirudia somo lake peke yake. Lakini jambo la ajabu ni kwamba baba, saa hiyo ikikaribia, alianza kupata shughuli barabarani. Mimi siku moja nilisimama makusudi katikati ya njia, kati ya geti na kamba. Mbwa aliniona, akapunguza mwendo, akanipitia kushoto akinisukuma kidogo kwa ubavu, kama anavyofanya mtu anayemwongoza mgeni kwenye kundi la watu. Nikasikia harufu ya samaki wakavu. Usinihesabie hilo, Kamalondo nzima inakula samaki, na jioni kila ukuta unanuka samaki.

Mwalimu aliitwa aje aone. Alisimama na mikono nyuma, tabasamu la mtu anayekuja kuona ujinga wa wengine. Mbwa alipotoka getini tabasamu likaondoka. Alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, akavua kofia yake.

"Ile haiko mbwa inatembea yeye moja," akasema kwa sauti ya chini. "Ona vile anakaa. Hakai mpaka muntu asimame. Kuko muntu anamutembeza."

"Muntu gani?" mama akauliza.

Mwalimu aliirudisha kofia kichwani. Alimwomba baba maji ya kunywa, akanywa, akaenda zake, na kwa muda mrefu hakupita tena saa ile.

Hapo ndipo mateso ya mama yalipoanza upya. Kama ni kaka anayerudi kila jioni, basi yumo njiani kuja nyumbani, anaonekana kwa mbwa tu. Na kila mtu kwetu anajua ni nani anayeonekana kwa mbwa tu. Mama alitaka mwanawe aje, na kuja kwake kwenyewe kulikuwa ushahidi kwamba amekufa. Alifungua kile chumba. Alifagia, akatandika kitanda, akaacha mlango wazi kidogo. Asubuhi alikuwa akienda kutazama shuka. Sikuwahi kumuuliza aliona nini, na alikuwa akilikunjua upya hata kama halikukunjamana.

Ndugu za baba wakaja. Mkubwa wao, mtu wa heshima mwenye fimbo, alisema imetosha, tufanye kilio, tulale uani siku zinazotakiwa, tuombe, mtoto apumzike na watu wapumzike. Mama alikuwa akichambua mboga za lenga-lenga. Hakuinua kichwa.

"Kilio ya nani, shemeji? Muntu anarudia ku nyumba kila siku, shiye tunamulilia?"

"Mama, uko unajua mwenyewe."

"Sijue kitu. Siku nitajua, nitalia. Leo nitapika."

Walikunywa munkoyo wao wakaondoka. Mama wa mkate naye akaja na dawa yake, mchana kweupe, sauti ameishusha. Alisema chukua tongotongo za jicho la mbwa, paka kwenye jicho lako, utaona anachokiona. Kila mtoto wa Kamalondo alijua hilo, na kila mtoto alijua mtu fulani wa mtaa wa mbali aliyefanya hivyo akawa kichaa. Nilidhani mama atamfukuza. Lakini alasiri ile nilimkuta amepiga magoti mbele ya Tutaona, kichwa chake kikubwa amekishika kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono mwingine kiko kwenye kona ya jicho la mbwa. Mbwa ametulia tuli. Mama machozi yanamtoka, kidole kimekwisha kupata unyevu na kinainuka kwenda usoni kwake. Nkambo alitoka jikoni kwa haraka ambayo sikuijua miguuni mwake, akampiga mama mkono.

"Ukimumona, utamufwata," akamwambia. "Na huyu mutoto utamuachia nani?"

Alikuwa ananionyesha mimi. Mama alinitazama kana kwamba amenisahau, kisha akaufuta mkono kwenye kitenge. Niliumia, nakwambia ukweli. Mtoto aliyepo huumia kwa ajili ya asiyekuwepo.

Kisha yule mtu akaja.

Ilikuwa Jumapili mchana, mvua za kwanza zimekwisha anza, tumetoka kanisani na mama amekaanga vinkubala, wale viwavi wanaoliwa, uani kunanukia. Geti likagongwa. Mwanamume mwembamba, ngozi imechomwa na jua, mfuko wa raba begani, meno mawili ya mbele hayapo. Alisimama pale akatazama nyumba, akatazama bati, akamtazama mama.

"Mama," akasema. "Ni miye."

Mama aliangusha sahani. Alimkimbilia, akamshika uso, akamgeuzageuza kama anavyochagua nyanya sokoni, akapiga ukelele uliowatoa mafundi cherehani wote barazani. Baba alimtazama kwa muda mrefu, akasema, "Ni yeye," lakini alisema akiangalia chini. Nkambo aliinama akaokota sahani. Mimi sikumjua, na ningemjuaje? Picha yetu pekee ilikuwa ya darasa zima, uso wake mdogo kama punje ya maharage.

Tutaona alikuwa amesimama kati ya mgeni na kile chumba cha nyuma. Manyoya yalikuwa yamesimama kuanzia shingoni hadi mkiani, na kutoka kifuani kwake kulitoka mngurumo wa chini ambao niliuhisi kwenye nyayo. Baba akaita, "Kushe!" Mbwa alitii, alifundishwa kutii, akalala chini. Lakini alilala kwenye kizingiti cha mlango ule, akitetemeka mwili mzima, na mgeni alipaswa kumruka ili aingie.

Jioni ikafika. Kaka, acha nimwite hivyo, alikuwa amekaa kwenye kitanda mlango wazi, anakula, anasimulia habari za ziwa, jinsi alivyougua, jinsi alivyofanya kazi za kuchimba huku na huko na kuona haya kurudi mikono mitupu. Watu walijaa uani. Makala yakaanza kufuka. Nikamwona Tutaona anainua kichwa.

Alikwenda getini. Mkia ukapiga. Akageuka, akaja opye katikati ya watu wote wale, na watu wakampisha bila kuambiwa. Akasimama penye kamba, akakaa, akaendelea. Alipofika mlangoni alikaa, akamtazama aliyeko kitandani, kisha akainua macho kumtazama aliyeko pembeni yake. Akarudia tena, kitandani, pembeni. Na akalia, sauti nyembamba ya mtoto wa mbwa, ambayo hatukuwahi kuisikia tangu atoke kwenye katoni.

"Ile mbwa iko na nini?" kaka akauliza.

Mama wa mkate alichukua kapu lake akasema amesahau moto jikoni.

Mambo hayakuweza kuendelea hivyo. Mbwa aliacha kula. Kila jioni alimleta yule wake mpaka mlangoni, na kila jioni alikuta mlango una mwenyewe. Siku moja kaka aliufunga mlango saa hiyo hiyo, kwa hasira au kwa woga, na Tutaona akamrukia akamshika mkono. Hakuurarua. Aliushika tu, akauvuta mlango ubaki wazi. Lakini damu ilitoka, na damu ya mtoto ikitoka mama hana tena la kufikiri. Mwalimu aliitwa ampeleke mbwa kwenye shamba la mtu aliyemjua, upande wa barabara ya Likasi. Nililia, nikapiga miguu chini, nikasema mbwa anajua. Mama alinijibu maneno ambayo mpaka leo nayasikia.

"Miye nilizala. Mbwa haizalake mu nafasi yangu."

Lakini usidhani mama hakusikia alichokuwa akisema mbwa. Jioni ya mwisho kaka alikuwa ametumwa sokoni na baba. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya pipa la maji, sijulikani nipo. Mama alitoka, amevaa kitenge chake cha kanisa, akaenda kusimama getini kabla hata mbwa hajainuka. Tutaona alikuja. Mkia ukapiga. Wakageuka wote, mbwa upande mmoja, mama upande mwingine, na katikati yao nafasi ya mtu. Walitembea polepole. Penye kamba mama aliinua nguo kwa mkono, ili mwingine apite. Kisha akasimama katikati ya uani, mbwa akakaa, na mama akasema akitazama ile nafasi, sauti yake ya kunilaza mimi nikiwa na homa:

"Mwana yangu, usinikasirikie. Chumba iko na muntu. Hapa hapana tena nafasi. Usikuye tena, unasikia? Enda ulale, mwana yangu. Enda ulale."

Akanyoosha mkono akashika kitu hewani, kwa urefu wa shavu. Mbwa aliinuka. Akatembea opye kurudi getini, akasimama pale, na kichwa chake kikafuata polepole kitu kinachoshuka barabara, kupita kwa mafundi, kupita baa, mpaka kwenye kona. Halafu akarudi akalala karibu na bomba la maji. Kesho yake mwalimu alipomfunga kamba, aliondoka kama mbwa yeyote.

Miaka imepita. Lupango limeuzwa, pale pamesimama ghorofa la kuuzia simu, na hakuna anayekumbuka kwamba palikuwa na kamba ya nguo. Cherehani zimenyamaza, nguo zinakuja zimeshonwa. Mwalimu amekufa, na mama wa mkate watoto wake wamempeleka Mbuji-Mayi. Nkambo, kabla hajafa, aliniambia akiwa amenishika mkono kwamba lile shati hakuwa na hakika nalo. Sandukuni mwake mlikuwa na nguo za vilio vingi, maana mtu akifa ndugu na rafiki hugawiwa nguo zake, na yeye alikuwa mtu wa kuhudhuria kila kilio cha mtaa. "Macho yangu yalikuwa mubaya," akasema, akaanza kuzungumza habari nyingine.

Kaka alibaki. Ndiye aliyemwuguza mama, ndiye aliyemwosha miguu, ndiye aliyeshika upande wa mbele wa jeneza. Sina ugomvi naye, na nikimwita kaka simwiti kwa adabu tu. Safari hii nimemkuta na mtoto wake wa mwisho, msichana ambaye sikuwa nimemwona. Aliletwa kunisalimu, akainua uso, na nikaona pua ya mama. Siyo inayofanana. Pua ya mama yenyewe, na ile tabia ya kuikunja kabla ya kucheka. Nilimpakata jioni nzima, nikaitazama mpaka mtoto akachoka nami.

Kwa hiyo ni yeye. Alikuwa yeye tangu ile Jumapili, na mama hakukosea. Nilipaswa kulala vizuri usiku ule, lakini sikulala. Yule mwingine, mwenye lile shati, alikuwa mtoto wa mtu. Alikuja kwetu kila jioni kwa sababu tulimwita, tukampa tonge na mlinzi wa kumpokea, na mama, mama yangu mwenyewe, akamwita mwanangu na kumwambia aende. Nani mama yake? Labda alikaa barabara ya pili, labda naye alipepea makala saa ile ile akitazama geti lake, na kwake hapakuwa na mbwa.